Mnara wa Taa kwa Mji wa Bara

Jumatatu, 4 Juni 2007

Zamu tatu za mchezo kabla ya uji, kama kawaida. Baridi. Nimemvalisha Baba Felista sweta la kijani, nikamketisha mbele ya kompyuta, nikauweka mkono wake wa kulia juu ya kipanya. Mimi kushoto kwake, na daftari. Yeye husogeza. Mimi huamua.

Tuko zama za kale, kabla ya chuma. Tuna mji mmoja. Nimeuita Nachingwea, kama huu tunaoishi, maana mchezo ulitaka jina nami sikuona sababu ya kutafuta jingine.

Mchezo huu una sifa moja ninayoiheshimu: unasubiri. Mataifa mengine hayasogei mpaka sisi tubonyeze kitufe cha kumaliza zamu. Mkono wake huchukua muda mrefu kuvuka kioo. Mchezo haulalamiki, hauguni, haumwangalii kwa huruma. Felista alichagua vizuri alipouleta wakati wa Pasaka, pamoja na kompyuta hii kuukuu iliyoondolewa ofisini kwao Morogoro.

Sharti lake naliandika hapa ili nisijidanganye. Atakuja mwisho wa mwezi huu. Akiona kwamba akili za baba yake ni nzima, tutabaki katika nyumba yetu. Akiona sivyo, atatuhamishia Morogoro na nyumba itapangishwa. Hakusema kwa ubaya. Ni mwanangu, na ni mimi niliyemfundisha kusema jambo lote mara moja.

Sitaki kuhama. Nililetwa hapa kutoka Same kwa barua ya uhamisho, nikiwa msichana mwenye sanduku moja la bati. Mji huu nimeuzoea kama mtu anavyozoea kiatu kilichombana zamani.

Jumanne, 5 Juni

Kliniki ya mazoezi, hospitali ya misheni. Sista Yustina, msimamizi wa mazoezi ya viungo, ameukunja na kuukunjua mkono wake kwa nusu saa. Ngumi anaweza. Vidole bado. Sista anataka kidole gumba kikutane na cha shahada. Ametupa kazi: mbaazi kavu kwenye sinia, aziokote moja moja na kuzitia bakulini.

Nyumbani Baba Felista ameitazama ile sinia, akaisukuma kwa kiwiko. Mbaazi zimetawanyika mpaka chini ya kabati. Nimeziokota mimi. Vidole vyangu sasa ni hodari sana.

Nilimwuliza Sista kuhusu akili. Tangu kiharusi cha Januari mume wangu ana maneno matatu: ndiyo, hapana, pale. Ndiyo na hapana huyachanganya. Pale hulitumia kwa kila kitu. Maji, pale. Choo, pale. Mimi mwenyewe, pale.

Sista akasema: "Mwalimu, usiusikilize mdomo. Mdomo wake umevunjika. Tazama anachochagua."

Nimelifikiria neno hilo njia nzima. Basi mchezo utakuwa mtihani. Nitatazama anachochagua.

Ijumaa, 8 Juni

Kazi ya leo ilikuwa tafsiri. Mchezo ni wa Kiingereza, na Baba Felista hakupata kukipenda Kiingereza. Alikuwa mpima ardhi wa wilaya. Alisoma vilima.

Kuna majengo ya kawaida, ambayo kila mji hujenga, na kuna majengo makuu. Jengo kuu hujengwa mara moja tu duniani kote. Taifa lingine likikutangulia kulimaliza, kazi yako yote imepotea, na mawe uliyochonga hayarudi. Kwa hiyo swali si kujenga au kutojenga. Swali ni lipi kwanza. Nimeyaandika hivi kwenye karatasi ngumu:

Ghala Kuu. Watu hawafi njaa.
Maktaba Kuu. Tunapata elimu ya mataifa mengine.
Ukuta Mrefu. Adui haingii.
Mnara wa Taa. Mashua zinafika mbali.
Bustani za Juu. Watu wanafurahi.

Nimepika gundi ya unga, ile tuliyobandikia zana za kufundishia, nikaibandika karatasi kwenye kona ya chini kulia ya kioo. Pale palikuwa na kipicha kidogo cha rangi rangi kisicho na maandishi. Hakina faida.

Baba Felista alisema "pale" mara nyingi sana wakati nabandika. Nilimwambia karibu namaliza.

Jumapili, 10 Juni

Misa ya kwanza. Baada ya Misa amekuja shemeji yangu Anselmi kutoka Matambarale, amepanda gari la mizigo mpaka Ruangwa na basi mpaka hapa. Ameleta kikapu cha ming'oko, mizizi aliyoichimba porini, na chupa ya mafuta ya ufuta. Ni mdogo wa Baba Felista wa tumbo moja. Ni mkulima. Hana adabu, nami nampenda.

Ameitazama kompyuta kwa mikono nyuma.

"Shemeji Mwalimu, hii televisheni mbona haina mpira?"

Nikamweleza. Akasikiliza vizuri, jambo lisilo la kawaida kwake.

"Kwa hiyo mnajenga nini kwanza?"

"Maktaba."

"Watu wana chakula?"

"Kiasi."

"Aa, shemeji! Ghala kwanza. Ukiwa na njaa kitabu utakichemsha?"

Nikamwambia kwamba mtu asiye na kitabu hulima pale pale alipolima babu yake na kuvuna kile kile. Akacheka mpaka akakohoa. "Umenipiga na chaki," akasema, kisha akamgeukia kaka yake: "Na wewe, kaka? Unataka lipi?"

Baba Felista akausogeza mshale. Ulichukua muda. Anselmi alifunga mdomo muda wote huo, Mungu ambariki. Mshale ukasimama kwenye ukingo wa karatasi yangu, sawa na mstari wa Mnara wa Taa.

Mji wetu uko katikati ya nyika na misitu.

Tumechemsha ming'oko, tukala kwa chumvi na pilipili. Hapo nimeona jambo. Ganda la mng'oko ni jembamba, humenywa kwa ncha za vidole. Baba Felista amekataa nimmenyee. Amekwangua, amekwangua, ganda limetoka kipande kidogo kama ukucha. Kidole gumba na cha shahada. Mbaazi alizikataa kwa sababu mbaazi kavu haziliwi.

Jumanne, 12 Juni

Maktaba imeanza. Niliamua mimi.

Mji wetu wa pili, Ruangwa, ulianzishwa na yeye wiki iliyopita nilipokuwa kwenye jumuiya. Aliwapeleka walowezi mashariki peke yake. Kazi ya mkono ilikuwa nzuri, mahali sikupapenda: mwishoni kabisa mwa kioo, umepakana na ukingo. Mpelelezi wetu pia alimtuma huko huko, akamwacha amelala. Askari mzima, amelala.

Leo zamu ya Ruangwa kuchagua jengo. Orodha ikafunguka. Mnara wa Taa upo. Katika orodha ya Nachingwea haupo, katika ya Ruangwa upo. Mtunzi wa mchezo hakuipitia kazi yake mara ya pili.

Baba Felista akaupeleka mshale Mnara wa Taa. Nikamwambia hapana. Akaupeleka tena. Nikaurudisha. Mara ya tatu mkono ukamshinda, mshale ukateleza mpaka ukingo wa kulia, na picha yote ikaanza kutetemeka na kuhama. Nikaurudisha katikati. Hiyo imekuwa tabia ya mkono wake. Hutelezea kulia, nami humrudisha katikati.

Nikamwambia yale ambayo nisingemwambia zamani. Nikamwambia yeye kuliko mtu yeyote angepaswa kujua. Mji huu wetu ulijengwa na wenye mradi wa karanga. Walileta matrekta, wakajenga nyumba, wakajenga hospitali, wakatandika reli mpaka bandari ya Mtwara, kisha ndipo wakauliza kama udongo unakubali karanga. Udongo ukakataa. Baba yake mwenyewe alibeba mataruma ya reli ile, na Baba Felista aliiona iking'olewa. "Huwezi kujenga bila kutazama ardhi," nikasema. "Mnara wa taa bara! Wa kumulika nini, mikorosho?"

Akanitazama. Macho yakajaa maji. Akasema: "Pale."

Nimetia alama daftarini. Kosa.

Jumatano, 13 Juni

Umeme ulikatika saa nne asubuhi tukiwa hatujahifadhi. Zamu sita zimepotea. Afadhali. Katika zamu hizo tulikuwa tumegombana.

Nimepika kisamvu. Amekula vizuri kwa mkono wa kushoto.

Jumamosi, 16 Juni

Nimemkuta anaichokonoa karatasi yangu kwa ukucha. Kona moja imeinuka. Nikampiga mkono kidogo, kama ninavyompiga paka. Nikapika gundi nyingine, safari hii nzito.

Sikujisikia vizuri baadaye. Nimeandika ili nikumbuke kwamba sikujisikia vizuri.

Jumatatu, 18 Juni

Maktaba imepotea. Zilibaki zamu mbili tu. Likatokea tangazo kwamba taifa lingine limeimaliza. Mawe yetu yote, kazi yote. Nilihisi vile vile nilivyohisi mwaka ule dari la darasa la nne liliposhuka wiki moja kabla ya kufungua shule.

Kisha adui wa kaskazini akaonekana karibu na Nachingwea. Nikasema Ukuta, haraka. Baba Felista akaenda Ruangwa, akaifungua orodha, akaenda Mnara wa Taa.

Nikamnyang'anya kipanya.

Neno ni hilo. Niliunyanyua mkono wake nikauweka mapajani mwake, nikachukua kipanya, nikabonyeza Ukuta, nikamaliza zamu mimi. Kwa haraka. Zamu nne kwa muda ambao yeye angefanya moja.

Nilipomrudishia, mkono haukupanda tena mezani.

Alhamisi, 21 Juni

Siku ya tatu hachezi. Namketisha, namwekea mkono juu ya kipanya, mkono unateremka wenyewe. Nimejaribu kumwambia samahani. Miaka thelathini na minane ya ndoa sijapata kuisema vizuri, na leo pia nimeisema kama tangazo la mstarini.

Uji amekunywa nusu.

Nyumba kimya. Yeye hajawahi kuwa msemaji. Lakini zamani ukimya wake ulikuwa umejaa watu. Alikuwa akirudi kutoka Malolo au Matambarale na vumbi mpaka kwenye nyusi, anakunjua ramani mezani, juu ya madaftari yangu ya kusahihisha, anaweka kidole na kusema: hapa maji hupita, hapa daraja, hapa watu wamejenga mahali pabaya. Nami nilikuwa nikisema: ondoa ramani yako juu ya insha za darasa la saba. Tumeishi hivyo. Yeye ramani, mimi maandishi.

Ijumaa, 22 Juni

Kliniki. Sista Yustina ameona vidole vimelegea kidogo tangu wiki iliyopita. Akauliza kulikoni. Nikamweleza yote, pamoja na mnara. Hakucheka. Akasema tu, "Mnara wa taa, hm," akaandika kitu.

Nimetoka nikaketi kwenye benchi la nje. Nimempigia Felista. Nikamwambia: Baba yako huchagua kitu kile kile kila siku, na kitu chenyewe hakina maana. Nimempima wiki tatu. Njoo utuchukue.

Akasema, "Sawa, Mama. Pole, Mama."

Baba Felista alikuwa karibu nami kwenye kiti cha magurudumu cha hospitali. Sijui kama alisikia. Kama hakuelewa, hakuna ubaya. Kama alielewa, Mungu anisamehe.

Jumapili, 24 Juni

Nimeanza kufunga vitu. Vyombo vya udongo haviwezi kusafiri, nimempa jirani. Ramani za Baba Felista zinajaza kasha zima. Nimezitia zote.

Anselmi amekuja na ming'oko tena. Alipoona masanduku akasimama mlangoni.

"Shemeji, unamfunga kaka yangu kama gunia la ufuta unampeleka Morogoro?"

"Akili zake zimekwisha, Anselmi."

"Nani kasema?"

"Nimempima."

"Umempima! Wewe mama, hata sisi ulitupima siku ya mahari. Ulitusahihishia barua ya posa kwa wino mwekundu tukaja nayo tena!"

Ni kweli. Ilikuwa na makosa kumi na moja. Nilicheka, kisha nikalia, mbele yake, kitu ambacho hakijapata kutokea. Akachemsha ming'oko yeye mwenyewe jikoni kwangu, mwanamume, na kuacha maji kila mahali.

Baba Felista amemenya mmoja mzima. Polepole, mpaka ukawa mweupe. Halafu akausogeza upande wangu wa sahani.

Sikuweza kuula mara moja.

Jumatano, 27 Juni

Felista amefika kwa basi, kachoka, vumbi kichwani. Amemshika baba yake mikono yote miwili na kumwambia shikamoo. Baba yake amejibu "ndiyo." Felista ameingia chumbani kwake kubadili nguo, na hakutoka upesi.

Tumekubaliana kuondoka Jumamosi.

Alhamisi, 28 Juni

Naandika kwa utaratibu, jambo baada ya jambo, nisiruke kitu.

Saa tatu asubuhi Felista akataka kufunga kompyuta kwenye boksi lake. Nikasema kwanza aiwashe, ahifadhi mchezo. Kwa nini nilisema hivyo, sijui. Tulikuwa hatutaucheza tena. Lakini kazi isiyohifadhiwa siiwezi.

Baba Felista alikuwa kitini, karibu. Kioo kilipowaka akainuka nusu, akashika meza. Felista akasema, "Mwache, Mama." Nikamwacha. Akaketi mwenyewe mbele ya kompyuta, kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi. Hakugusa kipanya. Aliupeleka mkono wa kulia kwenye kona ya chini ya kioo, kwenye karatasi yangu.

Nilifungua mdomo kumkataza. Felista akanishika bega.

Kidole gumba. Cha shahada. Akaikwangua kona kama anavyokwangua mng'oko. Gundi ilikuwa nzito, niliipika mwenyewe. Alikwangua kwa muda ambao ningeweza kusali rozari nzima. Jasho lilimtoka puani. Kona ikainuka. Akaibana kwa vidole vile viwili, vikakutana, nimeviona kwa macho yangu vikikutana, akavuta. Karatasi ikachanika vipande viwili, kisha yote ikatoka, ikaanguka chini, na Ghala na Maktaba na Ukuta wangu.

Chini yake kile kipicha cha rangi rangi. Ilikuwa ramani. Ramani ndogo ya nchi yote tuliyokwisha kuiona. Nachingwea ni nukta katikati ya kijani. Ruangwa ni nukta upande wa kulia. Na kulia kwa Ruangwa, imegusana nayo kabisa, samawati. Samawati tupu kutoka juu mpaka chini.

Akaweka kidole. "Pale," akasema.

Felista akachukua kipanya, akausukuma mshale mpaka ukingo wa kulia na kuuacha hapo. Picha ikatetemeka na kuhama, kama ilivyokuwa ikifanya kila siku nilipomrudisha katikati. Nchi yote ikasogea kushoto. Ikatokea Ruangwa nzima, na nusu yake ya pili ilikuwa ufukwe. Akatokea mpelelezi wetu amelala kwenye mchanga, mahali pazuri pa kutazama meli za wengine zikija. Ikatokea bahari.

Baba Felista akaitazama. Midomo yake ikahangaika kama anatafuna kitu kigumu. Kisha akasema neno ambalo hatujalisikia tangu Januari.

"Mtwara."

Felista alilia kwa sauti. Mimi nilikaa. Wiki tatu nimeishi na mtu ambaye alikuwa ameupata mwisho wa reli, akanionyesha kila siku kwa kidole, kwa mshale, kwa neno alilobaki nalo, nami nikamfunika ramani kwa maneno yangu, nikampiga mkono, nikamtia alama ya kosa. Mimi niliyemhubiria habari za kujenga bila kutazama ardhi.

Nikasema samahani. Safari hii haikutoka kama tangazo.

Akasema "hapana." Halafu "ndiyo." Akatabasamu upande mmoja, upande unaoweza.

Jumamosi, 30 Juni

Basi la Morogoro limeondoka na Felista peke yake. Alisema jana usiku kwamba Baba anachelewa tu, hajapotea, na kwamba amewahi kufanya kazi na watu wenye haraka ambao wamepotea kabisa. Sentensi nzuri. Sikumsifu wakati ule, namsifu hapa.

Ameniachia sharti jipya: kila Jumapili nimpigie simu na baba yake aseme neno moja, lolote. Ameondoka na boksi tupu la kompyuta, kwa kuwa ni la jirani yake.

Nimefungua masanduku. Vyombo vya udongo nimeona aibu kuvidai. Jirani amevirudisha mwenyewe, na kimoja kikiwa na togwa ndani.

Katika daftari la alama nimefuta makosa yote ya mnara. Yalikuwa mengi. Kisha nikaona kufuta hakutoshi, nikaandika pembeni, kwa wino mwekundu: Msahihishaji alikosea.

Nachingwea imetekwa na adui wa kaskazini katika zamu ya kwanza tuliporudi mchezoni. Ukuta wangu ulikuwa haujafika nusu. Tumebaki na Ruangwa. Baba Felista hakuonekana kuhuzunika hata kidogo. Tumeanza Mnara.

Jumapili, 8 Julai

Misa ya kwanza. Upepo wa baridi, vumbi jekundu kwenye viatu. Mikorosho ya jirani imeanza kutoa maua.

Anselmi ametuma ming'oko kwa dereva, na salamu kwamba bado anadai ghala. Nimemjibu kwa barua kwamba samaki nao huliwa.

Tulimpigia simu Felista. Neno la wiki: "Chumvi." Felista aliuliza maana yake nini. Nikamwambia maana yake ni kwamba nimesahau kutia chumvi.

Leo hatukupika gundi wala kubandika kitu. Tafsiri ziko ndani ya daftari, na daftari liko magotini mwangu. Nimejifunza kukisoma kile kipicha, kidogo. Kijani ni msitu. Kahawia ni vilima. Huniwekea kidole, hunisubiri.

Mnara umebakiwa na zamu tano. Huenda wengine wakatutangulia. Taifa la kusini lina mashua tayari, tumeziona.

Ameshusha mkono kupumzika. Amesinzia kitini, sweta la kijani, vidole viwili vimegusana kama vinashika uzi. Mshale umesimama ukingoni kulia, na bahari inapita taratibu.

Ni zamu yake. Sikugusa kipanya.